Picha Yenye Dumu la Njano

Katika klabu yetu ya picha hapa chuoni Kampala kuna ubishi usiokwisha: je, picha yenye kasoro ipelekwe mashindanoni au ibaki kwa mwenyewe? Wapo wanaosema usipeleke kitu mpaka kiwe safi. Wapo wanaosema peleka chochote, kwa kuwa jaji hakujui wala hatakukuta njiani akakucheka. Mimi sikuwa na upande hadi muhula uliopita, nilipobaki na picha moja tu ya kupeleka kwenye shindano la wapigapicha wa ridhaa, na picha hiyo ilikuwa na kasoro tatu.

Nieleze kwanza picha yenyewe. Mdogo wake babu, ambaye nami namwita babu, anaishi Bukomansimbi, upande wa Masaka, na kazi yake ni kutengeneza nguo za magome ya miti. Waganda tunaiita lubugo. Sisi ni watu wa ukoo wa Ngonge, ambao tangu zamani ndio mafundi wa kazi hii katika Buganda. Huko nje UNESCO iliitangaza sanaa hiyo kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, ingawa babu yangu hilo halimshughulishi sana. Kinachomshughulisha ni mvua. Gome la mutuba huvunwa wakati wa masika, likiwa na maji. Likishabanduliwa, shina hufungwa majani ya migomba ili lisikauke, na mti huota gome jipya. Kisha gome hupigwa kwa nyundo za mti zenye mistari iliyochongwa, kuanzia nyundo ya mistari mikubwa hadi ile ya mistari myembamba, mpaka lilainike na kutanuka. Kazi yote hufanyika ndani ya kibanda kisicho na kuta, kwa sababu jua likilipata gome mapema, linakauka kabla halijawa nguo.

Hapo ndipo shida ya mpiga picha inapoanzia. Kivuli kinachomfaa fundi hakiifai kamera, hasa kamera ya mtumba kama yangu. Ilinibidi kuacha shata wazi kwa 1/15 ya sekunde. Flashi sikuiwasha, maana huwezi kummulika usoni mzee anayeshusha nyundo karibu na vidole vyake. Matokeo yake ni kwamba uso wa babu umetulia na unaonekana hadi mikunjo, lakini mkono wa kulia na nyundo vimekuwa kama moshi. Hiyo ni kasoro ya kwanza. Ya pili, pembeni juu, pale paa linapoishia, mwanga wa nje umekuwa mweupe mtupu. Ya tatu ni dumu la njano la maji, limesimama kulia kama mgeni aliyeingia harusini bila kadi.

Kuhusu mwanga sina mengi. Niliupunguza kidogo kwenye kompyuta, jambo ambalo kanuni za shindano ziliruhusu.

Dumu lilinisumbua zaidi. Siku hizi simu yoyote ya kisasa ina programu ya kufuta kitu kwa mguso mmoja, na mwenzangu mmoja alinifutia palepale ili nione. Picha ikapendeza. Lakini mwaka 2010 mpiga picha wa Ukraine, Stepan Rudik, alinyang'anywa tuzo ya World Press Photo kwa sababu katika picha mojawapo alikuwa amefuta sehemu ya mguu wa mtu. Ulikuwa mguu mdogo tu, ukichungulia nyuma ya mkono, na pengine hakuna jaji ambaye angemnyima tuzo kwa sababu ya mguu ule. Mwaka 2015 shindano hilohilo liliondoa takriban asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho, kwa kuchezewa kupita kiasi. Ni kweli kwamba yale ni mashindano ya wanahabari, na sisi wa ridhaa mara nyingi tunaachiwa uhuru mkubwa zaidi. Hata hivyo niliona kwamba dumu lina haki ya kuwepo. Gome hunyunyiziwa maji, na maji hayo hukaa kwenye dumu. Nikilifuta nitakuwa na kibanda kizuri ambacho hakuna fundi yeyote angeweza kufanyia kazi.

Ukabaki mkono. Hapa wenzangu waliniletea mfano ambao kila mpiga picha asiye na picha kali huukimbilia: Robert Capa, aliyepiga picha za wanajeshi wa Marekani wakishuka pwani ya Omaha, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944. Picha yake inayojulikana kuliko zote imetetemeka, na miaka mitatu baadaye yeye mwenyewe aliandika kitabu na kukiita Slightly Out of Focus, yaani picha iliyokosa ukali kidogo. Sawa. Lakini mimi si Capa, na kibanda cha Bukomansimbi si Omaha. Hakuna aliyekuwa akinipiga risasi. Kusema kila picha iliyotetemeka ina roho ni uvivu. Ninazo mamia ya picha zilizotetemeka ambazo hazina roho wala mwili. Niliyoikubali ni hoja ndogo zaidi: katika picha hii uso ungetetemeka ningeitupa, lakini kilichotetemeka ni kitu pekee kilichokuwa kikienda mbio. Nilipiga nyingine nyingi siku ile, na ile ambayo mkono umetulia kabisa ilikuwa ya babu akipumzika.

Kulikuwa pia na suala la ada, shilingi 10,000, ambazo kwa mwanafunzi ni rolex nne za pale langoni (nasema chapati na mayai, si saa). Mwenzangu mmoja, ambaye namheshimu kwa jicho lake, aliniambia majaji wanapopitia mamia ya picha, mwanzoni hawatafuti mshindi bali wanatafuta za kuondoa, na mkono wenye ukungu ni sababu tosha. Naamini yuko sahihi. Alinishauri nisubiri masika mengine. Ushauri wa busara, isipokuwa kwamba babu ameanza kusema bega lake halitaki tena nyundo ile kubwa.

Nilidhani mambo yameishia hapo, hadi nilipompelekea babu picha ili aniruhusu. Kanuni zilisema waandaaji wanaweza kuichapisha watakavyo, na uso uliomo si wangu. Aliitazama kwa muda mrefu. Mkono hakuutaja kabisa. Dumu alilicheka, akasema ni la jirani. Kisha akagusa gome lililo chini ya nyundo.

"Mjukuu wangu, hii nguo haijaisha. Utawapelekea watu wa Kampala kazi ambayo haijaisha?"

Nikamwambia shindano ni la picha, si la nguo.

"Wewe unasema hivyo. Wao watasema mzee wa Ngonge anatoa nguo nene namna hii."

Sikuwa na jibu la haraka. Wiki nzima nilikuwa nimepima kasoro zangu kana kwamba picha ni yangu peke yangu, kumbe ndani yake kuna kazi ya mtu mwingine, na yeye ana wateja. Watu humjia wakiwa na msiba, wakitaka nguo ya kumzikia mzee wao, na jina lake ndilo biashara yake. Picha yangu ikishindwa nitapoteza rolex nne. Yeye angepoteza zaidi ya hapo.

Tulizungumza hadi jua likazama. Nilimweleza kuwa katika picha ya nguo iliyokwisha, laini na yenye rangi yake ya udongo, mtu haoni kazi, anaona bidhaa. Hakukubali moja kwa moja. (Wahadhiri wangu watanisamehe, lakini nilikumbuka sura hiyo kwenye nyuso zao wanaposoma Kiswahili chetu sisi wa Uganda, lugha ambayo Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022 na ambayo wengi wetu bado tunaipiga kwa nyundo ya mistari mikubwa.) Mwishowe akaweka masharti mawili: jina lake liandikwe kamili, na maelezo ya picha ayatamke yeye.

Nilituma siku ya mwisho, saa nne usiku, mkono ukiwa na ukungu wake na dumu likiwa mahali pake. Chini yake, baada ya jina lake, niliandika kama alivyosema: "Gome la mutuba, siku ya kwanza, nyundo kubwa. Nguo bado." Matokeo hayajatoka. Nguo yenyewe ilishaisha, na imeshauzwa.