Mali Kauli

Katika biashara za mwambao kuna utaratibu wa zamani uitwao mali kauli. Mchuuzi asiye na mtaji huenda kwa mwenye duka la jumla, akapewa bidhaa bila ya kutoa hata senti, akaziuza, kisha akarejesha thamani yake na kubaki na faida. Hapana hati wala rehani. Kinachowafunga wawili hao ni kauli tu, na kauli hiyo ndiyo mtaji wa yule mchuuzi. Siku atakayoivunja atakuwa amepoteza zaidi ya mzigo mmoja. Atakuwa amejifungia mlango wa duka lile, na pengine milango ya soko zima, kwani habari ya mtu aliyekula mali ya watu haikawii kuenea.

Biashara ya michezo ya kompyuta imeupindua utaratibu huu. Humo mnunuzi ndiye atanguliaye kutoa fedha, mara nyingine miezi kadhaa kabla ya mchezo kukamilika, na muuzaji ndiye abakiaye na kauli. Mnunuzi huonyeshwa filamu fupi, husoma mahojiano, huhesabu siku, kisha hulipa. Bidhaa yenyewe huijua siku anapoifungua. Kwa sababu hiyo, kauli ikivunjika, hasira za wateja huwa kubwa kuliko fedha zilizopotea. Mtu hukumbuka kuwa aliamini, na kumbukumbu hiyo humuuma.

Kisa kinachofaa kutazamwa kilianza katika mji wa Guildford, kusini mwa Uingereza. Huko kilikuwapo kikundi kidogo cha waundaji michezo kiitwacho Hello Games, kikiongozwa na Sean Murray. Mchezo wao wa kwanza, Joe Danger, ulitoka mwaka 2010, nao ulikuwa mchezo mwepesi wa mwendesha pikipiki mwenye mikogo. Mnamo Desemba 2013 wakaonyesha kitu cha daraja nyingine kabisa, mchezo wa anga uitwao No Man's Sky. Sayari zake hazikuchorwa moja moja kwa mkono. Zilizalishwa kwa kanuni za hesabu, na idadi yake ilitajwa kuwa 18,446,744,073,709,551,616, yaani mbili sitini na nne zikizidishwa pamoja. Mkesha wa Krismasi wa mwaka ule ule mafuriko yaliingia katika ofisi yao na kuharibu vifaa vya kazi. Wakaokota kilichookoka, wakaendelea. Watu waliosikia habari hiyo waliwapenda zaidi, kwani nani asiyependa kumwona mnyonge akijenga ulimwengu?

Hapo ndipo kauli ilipoanza kukua kuliko kazi. Murray aliitwa huku na huku kuhojiwa, na mwaka 2015 akafika hadi katika televisheni ya Marekani. Kila aliyemhoji alitaka kujua jambo moja zaidi, naye, kwa bashasha ya fundi anayeipenda kazi yake, alijibu. Alipoulizwa kama wachezaji wawili wangeweza kukutana angani, alijibu kuwa ingewezekana, ila ukubwa wa ulimwengu ule ungeifanya nasibu hiyo kuwa adimu mno. Pengine alikuwa akisimulia mchezo aliokuwa nao kichwani. Lakini msikilizaji hana njia ya kukitenganisha kilichomo kichwani mwa fundi na kilichomo karakanani mwake. Yeye husikia ahadi, na wahenga walikwisha kusema kuwa ahadi ni deni.

Mchezo ulitoka Agosti 2016 kwa bei ya dola 60, bei ile ile iliyokuwa ikitozwa wakati huo na makampuni yenye mamia ya wafanyakazi, ilhali Guildford hawakuzidi watu ishirini. Katika soko la Steam peke yake zaidi ya wachezaji 200,000 waliingia kwa wakati mmoja. Haukupita muda, watu wawili wakagundua kuwa wamo katika sayari moja. Wakaelekezana, wakaenda hadi mahali pamoja, wakasimama. Hakuna aliyemwona mwenziwe. Ile nasibu adimu ilikuwa imetokea mara tu baada ya soko kufunguliwa, nayo ikaonyesha kuwa kilichoahidiwa hakikuwamo.

Mambo mengine yaliyotarajiwa yalikosekana pia, na sayari nyingi zilifanana mno. Baada ya wiki chache umati ule ulikuwa umeporomoka. Malalamiko yakafikishwa mbele ya mamlaka ya Uingereza inayosimamia maadili ya matangazo, nayo mwisho wa Novemba 2016 ikaamua kuwa tangazo la mchezo katika duka la Steam halikuvunja kanuni. Uamuzi huo una funzo lake. Sheria ilimwachia muuzaji, soko halikumwachia. Hukumu ya wateja haitolewi kwa vifungu, na aliyeshinda barazani kwa kadhi aweza kurudi dukani akakuta hapana anayemsalimu.

Muungwana akivuliwa nguo, huchutama. Murray, aliyekuwa akisema kila mahali, alinyamaza. Kwa miezi hakutoa utetezi wala kumlaumu mteja. Wengi walidhani amekimbia na fedha. Kisha, siku chache kabla ya uamuzi ule wa mamlaka, likatoka toleo la nyongeza lililowawezesha wachezaji kujenga makazi katika sayari zao. Hakuna aliyetozwa kitu. Machi 2017 likafuata jingine lililoleta magari ya kutembelea nchi kavu. Agosti 2017 wachezaji waliweza kwa mara ya kwanza kuonana, ingawa kwa namna ya ajabu, kwani kila mmoja alimwona mwenziwe kama tufe la nuru linaloelea, akamsikia sauti yake. Julai 2018, takriban miaka miwili tangu wale wawili waliposimama mahali pamoja bila ya kuonana, wachezaji wakapewa miili. Deni lililokuwa likisemwa zaidi kuliko yote likawa limelipwa, kwanza kwa nuru, kisha kwa umbo.

Matoleo hayakukoma hapo, wala hayakuuzwa. Mwaka 2020 mchezo huo ulitunukiwa katika The Game Awards tuzo ya mchezo bora unaoendelezwa. Novemba 2024, maoni yote yaliyotolewa na wanunuzi wa Steam tangu siku ya kwanza, yakiwamo yale ya ghadhabu ya 2016, yalifikia kiwango cha watu 80 walioridhika katika kila 100. Kiwango hicho hakifutiki wala hakinunuliki. Aliyetukana mwaka 2016 na asibadili maoni yake bado amehesabiwa humo. Ilibidi wapatikane walioridhika wengi wa kumfunika, mmoja mmoja, kwa miaka minane.

Msomaji aweza kuhitimisha kuwa dawa ya imani iliyovunjika ni ukimya. Kisa cha pili chaizuia haraka hiyo. Mnamo Septemba 2010 kampuni ya Square Enix ya Japani ilitoa Final Fantasy XIV, mchezo wa watu wengi kwa pamoja, ukiwa umebeba jina ambalo wachezaji walilijua tangu utoto wao. Ulikuwa mzito, wenye kuchosha na usiokamilika. Miongoni mwa kasoro zilizokuja kusimuliwa baadaye ni chungu cha maua kilichoundwa kwa wingi wa nakshi sawa na umbo zima la mchezaji, mashine ikachoka kwa kuchora pambo. Desemba mwaka ule uongozi ukabadilishwa na kazi akakabidhiwa Naoki Yoshida, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji wa miaka mingi wa michezo ya namna ile.

Yoshida hakunyamaza hata kidogo. Aliwaandikia wachezaji barua baada ya barua, akawauliza kwa kura wanataka nini kitangulie kutengenezwa, akawaeleza lipi linawezekana na lipi haliwezekani. Wakati huo ada ya kila mwezi ilisimamishwa, wala haikuanza kutozwa hadi Januari 2012. Huku akiutia viraka mchezo wa zamani, aliwaweka mafundi wengine wajenge mpya tangu msingi. Tarehe 11 Novemba 2012 ulimwengu ule wa kwanza ulifungwa, nao ulifungwa kwa kishindo. Mwezi mwekundu uliokuwa ukionekana ukikaribia angani siku hadi siku uliteremka, ukapasuka, na joka lililokuwamo likaiteketeza nchi mbele ya macho ya waliokuwamo. Agosti 2013 ulimwengu mpya ukafunguliwa. Waliolipa ada katika ile miezi ya mwisho ya unyonge walipunguziwa malipo, na majina ya wahusika wao yakaorodheshwa mwishoni mwa mchezo mpya, miongoni mwa majina ya walioujenga.

Basi mmoja alinyamaza, mwengine akasema sana, na wote wawili wateja wao waliwarudia. Kinacholeta imani kitafutwe kwingine. Jambo waliloshirikiana ni kwamba hakuna kati yao aliyemtaka mteja aanze kuamini. Walianza wao kutoa, kwa muda mrefu, bila ya kutoza, na walichosema hakikuzidi walichokwisha kukifanya. Waama, huku ni kuurejesha utaratibu wa mali kauli mahali pake pa asili, bidhaa ikatangulia na fedha ikafuata. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Kisa cha Warsaw, mji mkuu wa Poland, chathibitisha hayo kwa upande wa pili. Kampuni ya CD Projekt ilikuwa na akiba kubwa ya imani. Mwaka 2015 iliwapa wanunuzi wa mchezo wake The Witcher 3 nyongeza 16 bila ya malipo, na mapenzi hayo ndiyo yaliyowafanya watu wapatao milioni nane kuuagiza Cyberpunk 2077 kabla haujatoka. Ulitoka Desemba 2020 ukiwa na kasoro nyingi, na kwenye mashine za zamani za PlayStation na Xbox ulikuwa hauchezeki kwa utulivu. Kabla ya siku ile wahakiki walikuwa wamepewa toleo la kompyuta pekee, lililokuwa na afadhali. Hapo ndipo wateja walipoumia zaidi. Kasoro husameheka, kufichwa hakusahauliki. Baada ya wiki moja tu Sony iliuondoa mchezo katika duka lake la mtandaoni na kurejesha fedha za watu, nao haukurudi humo hadi Juni 2021.

Januari 2021 Marcin Iwiński, mmoja wa waasisi wa kampuni, alijitokeza kwenye video akaomba radhi na kubeba lawama mwenyewe. Ilikuwa heshima kufanya hivyo. Hata hivyo radhi ile haikurudisha umati, kwani radhi huonyesha tu kwamba mdaiwa analitambua deni. Malipo yalikuja kidogo kidogo, na toleo lililoubadilisha mchezo kweli kweli lilifika Septemba 2023, karibu miaka mitatu baadaye. Mwaka huo nao wakapewa tuzo ile ile waliyopewa watu wa Guildford mwaka 2020.

Mtu akizisoma habari hizi tatu mfululizo hujiwa na furaha, nayo ni furaha ya kuangaliwa kwa hadhari. Kuvunja koleo si mwisho wa uhunzi, kweli. Lakini mhunzi akishajua kuwa watu hushangilia koleo lililoungwa, aweza kuacha kulichunga lisivunjike. Kila kampuni inayouza mchezo mbichi sasa ina visa hivi vya kujikingia, na humwambia mteja asubiri, maana wengine pia walianza hivyo. Haisemi kuwa waliofanikiwa kurudi ni wachache, wala kwamba matengenezo ya Guildford na Warsaw yaligharimiwa na fedha za wale waliouziwa ahadi. Yuko aliyenunua siku ya kwanza, akauzima mchezo kwa uchungu baada ya juma, asirudi tena. Kwake deni halikulipwa. Alilipiwa mwengine, aliyenunua miaka miwili baadaye kwa bei ya chini kitu kilichokamilika.

Desemba 2023, miaka kumi kamili tangu alipouonyesha ulimwengu wake wa kwanza, Sean Murray alipanda tena jukwaani na kuutangaza mchezo mwengine, Light No Fire, wenye sayari moja tu, lakini sayari aliyosema ina ukubwa wa dunia hii. Tarehe ya kutoka hakuitaja. Ukubwa wa ndoto haukupungua, na huenda fundi wa namna yake hawezi kuota ndoto ndogo. Lakini kule kutotaja tarehe ni jambo alilojifunza kwa gharama, na waliomsikiliza nao walikuwa na lao walilojifunza.

Mchuuzi aliyewahi kuchelewesha mali ya watu, kisha akailipa yote, hurudi dukani siku moja na kuomba tena. Mwenye duka aliye mwema hamfukuzi. Humkaribisha, humuuliza hali ya watoto, humpa mzigo. Ila safari hii mzigo huhesabiwa mbele yake, kipande kwa kipande, naye husimama akiangalia, wala haoni vibaya.