Shanga za Mchana

Mtoto ndiye aliyeniambia. Alisimama nje ya dirisha la jikoni, kidole mdomoni, akasubiri nimalize kusuuza sufuria. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama aliyetumwa kuomba chumvi: “Shangazi, ni kweli usiku unapika macho?”

Nilicheka. Halafu nikaona yeye hacheki.

Wiki ile nilikuwa nimetengeneza shanga za kioo zenye madoa. Unazungusha kioo cheupe kwenye waya, unaweka tone la bluu, juu yake unaweka tone dogo jeusi. Ni zoezi la wanafunzi, la kufundisha mkono kutulia. Nilikuwa nimeziweka kwenye sahani dirishani. Mpita njia wa mchana angeona macho kumi na mawili yakimtazama kutoka kwenye sahani. Wa usiku angeona, kupitia pazia jepesi, ulimi wa moto wa bluu ukivuma katika chumba chenye giza, na mbele yake mwanamke amevaa miwani.

Na hapa ni Sumbawanga. Jina lenyewe, kama tulivyosimuliwa tangu wadogo, ni onyo kwa mgeni: sumba wanga, tupa uchawi wako kabla hujaingia. Nilipokuwa chuoni Dar es Salaam nilitaniwa miaka mitatu mfululizo. Radi ikipiga, wenzangu walinigeukia: “Dada, tusamehe, tulikuwa tunatania.” Nami nilicheka nao. Utani wa radi unachekesha ukiwa Dar. Huku nyumbani, jirani anapoanza kukuhesabia usiku, si utani tena.

Kazi hii niliijifunza Arusha, katika karakana ndogo, baada ya kumaliza chuo na kuzunguka na bahasha ya vyeti mwaka mzima. Arusha shanga za kioo si ajabu. Kuna Shanga, ambako mafundi wenye ulemavu huyeyusha chupa zilizotupwa na kuzigeuza kuwa vyombo na mapambo. Ng’ambo ya mpaka, karibu na Nairobi, kuna Kitengela Glass iliyoanzishwa na msanii Nani Croze. Mimi niliingia kufagia, nikabaki kutazama, na mwisho nikakaa mezani.

Ukiielezea, kazi yenyewe ni rahisi. Unachukua waya wa chuma cha pua, unauchovya kwenye tope laini la udongo mweupe, unauacha ukauke. Tope hilo ndilo litakaloufanya ushanga uchomoke baadaye. Bila hilo, kioo na chuma vinashikana moja kwa moja. Mkono wa kushoto unazungusha waya juu ya moto, wa kulia unaingiza ufito wa kioo taratibu. Kioo cha kawaida kinaanza kulegea kwenye joto la nyuzi 700 hivi, na kikizidi hapo kinakuwa kama asali ya asubuhi ya baridi. Kinataka kudondoka. Kinachokizuia ni mzunguko tu. Ukisimama kuzungusha ili umjibu mtu, ushanga umekwenda upande.

Kinachoshinda watu wengi ni kupoza. Ngozi ya nje ya ushanga inapoa kwanza na kukaza, huku moyo wake bado una moto. Moyo nao ukija kupoa unajivuta, unakuta ngozi imeshakaza. Hapo ugomvi unaingia ndani ya kioo, na haonekani mtu wa kuamua. Ushanga unaweza kukaa mzima siku tatu, ukapasuka wa nne ukiwa mezani peke yake. Ndiyo maana karakana kubwa zina tanuru la umeme linalozishika shanga kwenye nyuzi 500 hivi, kisha linashusha joto kwa saa nyingi.

Nilirudi nyumbani kwa sababu ya Bibi. Alikuwa ameanguka kisimani, na katika wajukuu wote mimi ndiye sikuwa na kazi ya kuombea ruhusa. Nilikuja na kichomeo kimoja cha gesi, miwani, na kilo moja ya fito za rangi zilizotoka Murano, Italia. Gesi nilinunua mjini, mtungi wa kilo 6, uleule wa kupikia, na fundi wa kuchomelea akanifungia mpira wake.

Sehemu hii ya Ufipa iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na moto wangu ukawa mvivu kuliko ulivyokuwa Arusha. Alasiri upepo unashuka kutoka milima ya Mbizi, unaupinda ulimi wa gesi kama jani la mgomba. Na baridi ya Juni haina huruma na kioo. Mwezi wa kwanza nilipoteza karibu kila nilichotengeneza. Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilijaza majivu makavu kwenye chungu, nikakiweka juu ya jiko la mkaa, na kila ushanga ukitoka motoni nauzika humo hadi asubuhi. La pili, nilihamia usiku. Usiku upepo unalala. Na gizani unaona rangi ya joto: ushanga ukiwa mwekundu hafifu umekaza, ukiwa wa chungwa umelegea. Giza lilikuwa kipimajoto changu.

Sikufikiria kabisa kwamba giza lina maana nyingine.

Baada ya swali la yule mtoto nilianza kusikia vizuri. Kwenye mashine ya kusaga, wanawake walinyamaza nilipofika. Salamu zilipungua urefu. Kisha mjomba wangu akaja, akakaa kibarazani, akazungumzia mahindi, akazungumzia bei ya mbolea, na alipokwisha kusimama kuondoka ndipo akasema alichojia.

“Mama, watu hawakusemi wewe. Wanasema wewe ni mtoto wa juzi, hujui kitu. Wanauliza nani anakutuma.”

Hakuhitaji kuendelea. Nyumbani tulikuwa wawili.

Bibi ana macho mekundu. Ameyapata kwa moshi wa kuni wa zaidi ya miaka 60, kama wanawake wengi wa umri wake. Lakini sote tumesikia habari za vikongwe waliouawa katika nchi hii kwa sababu ya macho kama hayo. Sheria ya Uchawi, ambayo asili yake ni ya mwaka 1928, inamfanya hata anayemwita mwenzake mchawi kuwa mkosaji. Niliisoma chuoni. Usiku ule, nikisikiliza mbwa wakibweka, niliona sheria hiyo iko mbali sana na mlango wetu, na mlango wetu ni wa mbao laini.

Mjomba aliongeza jambo moja, nusu utani. Alisema tangu zamani Ufipa moto wa kuyeyusha haukuwa wa wanawake. Alikuwa sahihi. Wafipa walikuwa wafua chuma wakubwa, na masalia ya malungu, matanuru yao marefu ya udongo yaliyofikia mita tatu, bado yanaonekana kwenye miteremko. Hayakuvukutwa. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, moto ukawaka kwa siku kadhaa, kisha chuma kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, kusafishwa kwa mivukuto. Tanuru lilihesabiwa kuwa bibi harusi. Wafua chuma waliacha kulala na wake zao kazi ikiendelea, na mwanamke hakutakiwa kusogea. Utotoni tuliokota vipande vya kuta zile karibu na mashamba. Upande mmoja ni udongo, upande mwingine unang’aa kijani iliyoiva kama chupa. Joto lilikuwa limeugeuza udongo kuwa kioo. Miaka yote hiyo nilidhani kioo kimekuja kwetu dukani.

Nilipomweleza Bibi, nilikuwa nimeshaamua: nifungashe, nimpeleke mjini kwa dada, kichomeo nikiuze. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kifundo cha kitambaa. Ndani kulikuwa na uzi wa shanga nyekundu, ndogo, ambazo mama yake alizirithi. Niliziangalia kwa macho ya fundi kwa mara ya kwanza. Penye tundu kulikuwa na weupe. Nyekundu nje, nyeupe moyoni.

Shanga hizo zina historia. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858, aliziorodhesha katika kitabu chake cha 1860 miongoni mwa bidhaa za misafara. Aliandika kwamba ziliitwa samsam, na kwamba zilikuwa na majina mengine yenye maana ya kimaliza chakula na kivunja mji, kwa jinsi watu walivyoacha mlo na kufilisi nyumba kuzipata. Shanga nyingi za biashara hiyo zilitoka Venice, na huko miongoni mwa waliozungusha shanga mojamoja juu ya moto wa taa walikuwamo wanawake, wakikaa mezani kama nilivyokaa mimi. Huku bara zililipia chakula, mahari, ushuru wa njia, pembe na watu. Sikumwambia Bibi habari ya watu. Nadhani anajua.

“Hizi alitengeneza nani?” aliniuliza.

“Mtu kama mimi, Bibi.”

“Usiku?”

“Sijui. Labda mchana.”

Akafunga kifundo. “Basi toa meza nje.”

Nilijaribu kumweleza habari ya upepo na rangi ya joto. Akanitazama kama anayemtazama mtoto anayekataa kuoga. “Mimi sikuulizi kama zitatoka nzuri,” alisema. “Nataka wakuone.”

Jumapili, baada ya misa, nilitoa meza chini ya mparachichi. Mjomba alisimamisha mabati mawili kukinga upepo. Bibi alikaa kigodani kando yangu, khanga begani, akisalimiwa. Niliwasha.

Juani moto wa bluu hauonekani. Unasikia mvumo tu, na hewa inatetemeka. Kioo hakisemi kimeiva au la, kwa sababu mwanga wote umeshalipwa na jua. Ilibidi nitegemee mkono: uzito wa kioo kwenye waya, namna kinavyochelewa kidogo nyuma ya mzunguko. Katika shanga tisa za siku ile, tatu zilidondoka, moja iliungua tope na kugoma kuchomoka, na mimi niliungua kidole gumba mbele ya watu ishirini. Walicheka. Sijawahi kufurahia kuchekwa namna ile. Anayemwogopa mchawi hamcheki akiungua.

Vijana waliuliza bei ya gesi. Mama mmoja alitaka kujua kama chupa yake ya mafuta ya nywele inafaa, nikamwonyesha kwa nini huwezi kuchanganya vioo viwili visivyopoa kwa mwendo mmoja: ushanga wake ulipasuka chunguni baada ya saa moja, tulisikia mlio. Yule mtoto alisimama mbele kuliko wote. Nilimtengenezea jicho, hatua kwa hatua, akiniamuru: nyeupe, bluu, sasa nyeusi. Kesho yake ulipopoa nilimpa.

Kesho kutwa mama yake aliurudisha. Aliuweka mezani ukiwa umefungwa kwenye karatasi, akasema, “Shikamoo, Bibi,” akaenda zake.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilipona. Nyumba mbili bado hazituombi moto. Lakini niliendelea kutoa meza kila siku yenye jua, na baada ya mavuno mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogo alikuja na ombi. Alitaka rozari ya kioo, zawadi kwa padri aliyehamishwa. Shanga 59. Alizihesabu vidoleni ili nisikosee. Halafu, akitazama chini, akasema, “Ila, binti yangu, zisiwe na macho.”

Nilifikiri kukataa. Jicho ni doa tu, na kukubali kuliacha ni kukubali kwamba lilikuwa na kosa. Kisha nikamwangalia Bibi pale kigodani, amefumba macho yake mekundu akiota jua mbele ya watu, na nikasema sawa, Mzee, zitakuwa wazi kama maji.

Ilinichukua wiki tatu na chupa nyingi nyeupe. Nilipotoa ushanga wa 59 kwenye majivu, haukuwa na ufa.

Ushanga wa jicho uko dirishani bado, peke yake kwenye sahani. Mtoto hupita kila jioni akitoka shule. Haombi apewe. Anapanda juu ya tofali, anautazama, nao unamtazama, kisha anakimbia nyumbani kabla hajaitwa.