Alama za Vidole za Bwindi

Marehemu baba alikuwa askari wa upelelezi hapa Kibuli, Uganda, makao makuu ya CID, na kazi yake ilikuwa alama za vidole. Alikuwa akituambia kwamba mtu mmoja akionwa na mashahidi watatu anaweza kufika mezani kwake akiwa watu watatu. Hakuamini macho, aliamini mistari ya kidole. Mimi sikuvaa magwanda, lakini kazi ninayofanya ni ileile. Ninaowatambua ni gorila wa milimani.

Kila jioni gorila hujitengenezea kiota kipya cha matawi na majani, na asubuhi akiondoka mara nyingi huacha kinyesi humohumo. Mtoto anayenyonya hulala na mama yake. Zamani hesabu ilifanywa hivi: fuata njia ya kundi, hesabu viota, pima ukubwa wa kinyesi, tafuta nywele za fedha za dume kubwa, andika. Mwaka 2006 waliohesabu msitu wa Bwindi kwa viota walipata gorila 336. Vinasaba vya kinyesi kilekile viliposomwa, wakabaki 302. Hakuna aliyedanganya. Wapo gorila waliotandika viota viwili kwa usiku mmoja, na kila kiota kikatoa ushahidi wake. Nilipoisoma ripoti ya hesabu ile nilimsikia baba.

Kazi yenyewe inataka subira. Unavaa glavu na barakoa, maana mafua yetu yanaweza kuua gorila. Unachukua kipande kidogo, kama kokwa ya tende, kutoka sehemu ya nje ya kinyesi, kwa sababu huko ndiko chembe za utumbo zinakobaki zimeshikilia. Unakitumbukiza kwenye ethanoli saa 24, kisha unakihamishia kwenye kichupa chenye punje za silika, zilezile za kwenye vifuko vidogo ndani ya boksi la viatu, kikauke kabisa. Andiko lililotuonyesha kwamba hatua hizo mbili zinahifadhi DNA vizuri zaidi lilitoka mwaka 2004, na jina la kwanza juu yake ni Nsubuga, jina la Kiganda. Nikilitaja mbele ya vijana wa Kiganda wanaojifunza kazi hii, naona migongo inanyooka.

Msimu wangu wa kwanza niliandika majina kwa kalamu ya wino. Kichupa kimoja kilivuja kwenye begi, ethanoli ikafuta maandishi ya vichupa kumi na kimoja. Siku mbili za kupanda na kushuka makorongo zikapotea, na gorila kumi na mmoja wakarudi kuwa wasiojulikana. Nilipomweleza baba alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Mwanangu, ushahidi usio na lebo si ushahidi." Tangu siku hiyo natumia penseli, na lebo ya pili ya karatasi naiweka ndani ya mfuko.

Maabarani hatusomi DNA yote. Tunatazama mahali maalumu ambapo vipande vifupi vinajirudia, tunahesabu vimejirudia mara ngapi upande wa baba na upande wa mama. Idadi hizo zikipangwa pamoja zinamtenga kila mnyama na mwenzake. Ila kwa gorila wa milimani, mara nyingi mno namba ya baba na ya mama inatoka moja. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha usomaji wa jenomu zao nzima: kama theluthi moja ya jenomu, nakala za pande zote mbili zinafanana. Wamekuwa wachache kwa maelfu ya miaka, wakizaliana ndugu kwa ndugu. Namba zikigoma kutofautiana mbele yangu, huwa nasimama kidogo kabla ya kuendelea.

Wamebaki sehemu mbili tu duniani. Virunga, kwenye volkano za Uganda, Rwanda na Kongo, walihesabiwa 604. Bwindi pamoja na hifadhi jirani ya Sarambwe ya Kongo, hesabu ya 2018 ilipata 459, baada ya timu kupita msituni mara mbili na kuhakikisha kwa vinasaba. Jumla ilikuwa 1,063, na mimi nilishangilia kama wengine. Lakini kati ya misitu hiyo kuna kilomita kama 25 za mashamba na vijiji, na hakuna gorila anayevuka. Wa Bwindi wanakula matunda zaidi na kupanda miti zaidi, wa Virunga wanaishi juu zaidi kwenye baridi, na vinasaba vyao vinatofautiana. Ugonjwa ukiingia Bwindi, wale 604 hawawezi kuja kujaza pengo.

Damu mpya huingia kundini pale jike anapoacha kundi alilozaliwa na kuhamia lingine. Ndani ya Bwindi anaweza bado kwenda, kwa sababu msitu umeshikana. Kila mara nasikia mazungumzo ya kupanua barabara na kuweka lami ndani ya hifadhi. Najua wanaoishi pande zile wanahitaji barabara, wagonjwa wao na viazi vyao vinahitaji kufika mjini. Naomba izunguke msitu, hata ikigharimu zaidi. Bwindi na Virunga tumekwisha kuzitenganisha kwa majembe. Bwindi isikatwe tena vipande.