Taa za Diwali katika Nchi ya Chai

Msafiri atokaye Bomet kwenda Kericho kwa njia ya Litein hupita katikati ya mashamba ya chai yaliyofunika vilima pande zote. Akifika mjini usiku mmoja wa Oktoba au Novemba, usiku wa giza usio na mwezi, huenda akaona taa ndogo zimepangwa barazani kwa Wahindi na kusikia fataki zikilia. Hiyo ndiyo Diwali. Taa tumezizoea, walakini ni wachache wetu waliouliza asili yake.

Wahindu husimulia kwamba Dasharatha, mfalme wa Ayodhya, alitaka kumrithisha mwanawe mkubwa, Rama. Lakini zamani alikuwa amemwahidi mkewe Kaikeyi kumtimizia haja mbili. Kaikeyi akadai mwanawe mwenyewe, Bharata, atawazwe, na Rama ahamishwe mwituni miaka 14. Rama akatii ili neno la baba yake lisivunjike. Mkewe Sita na nduguye Lakshmana wakafuatana naye. Huko Ravana wa Lanka, mwenye vichwa kumi, akamwiba Sita. Rama akasaidiwa na Hanuman na jeshi la nyani. Wakajenga daraja baharini, Ravana akauawa, Sita akaokolewa. Waliporejea Ayodhya, watu waliwasha taa kuwapokea.

Wafanya biashara wa Kigujarati siku hizo humwomba Lakshmi, mungu wa kike wa neema, na kufungua daftari mpya za hesabu. Masingasinga nao, ambao wana gurdwara kubwa mjini Kericho, huwasha taa kumkumbuka Guru Hargobind, aliyekataa kutoka katika ngome ya Gwalior mpaka wakuu 52 waliofungwa humo waachiliwe pamoja naye.

Lakini katika habari hizi zote, mimi humstahi sana Bharata. Ufalme aliombewa na mama yake, naye akaukataa. Aliweka viatu vya Rama juu ya kiti cha enzi, akatawala kwa jina la kaka yake miaka yote 14, kisha akamrudishia nchi yake.

Mkulima wetu hushusha kikapu chake penye kituo cha kupimia majani, akamwachia karani mizani na kalamu. Mwenye kushika daftari, ufunguo wa ofisi au sanduku la chama cha ushirika, na avikumbuke viatu vile. Cheo ni dhamana. Mwenye mali yu njiani, naye atarudi kuhesabu.