"Tafsiri Hii" Ilipofika Mabanga

Kundi la rapu la Kalamashaka lilitoa wimbo "Tafsiri Hii" mwaka 1997, wakati sisi huku Mabanga, Bungoma, tukicheza Lingala na kusikiliza litungu, kinanda chetu cha nyuzi, kwenye sherehe za kutahiri. Rapu tuliijua kama muziki wa Wamarekani. Kumbe vijana wa Dandora, Nairobi, walikuwa wakiighani kwa Kiswahili cha mtaani, wakitaja njaa na uhalifu kama mtu anayekusimulia yaliyompata jana.

Kaseti ilitufikia kwa matatu. Tulihifadhi mistari tukipalilia miwa, tukishindana nani ataimaliza bila kukata pumzi. Dandora yenyewe ilikuwa mbali nasi kama nchi ya hadithi. Baadaye ndipo nilisoma kwamba mtaa huo ulianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, watu wakipewa viwanja wajijengee, na kando yao jiji likamwaga taka zake. Wakati ule nilichopenda ni mdundo, pamoja na ujasiri wa kijana kutamka hadharani mambo ambayo kwetu yalinong'onwa.

Kisha mwaka 2006 Mlima Elgon, ulio jirani nasi, ukawaka kwa sababu ya ugomvi wa mashamba ya Chepyuk. Kundi la wapiganaji la SLDF (Sabaot Land Defence Force) liliua, likakata watu masikio. Machi 2008 jeshi likaingia kwa Operesheni Okoa Maisha. Wanaume wakazolewa vijijini, na wako ambao hawajarudi hadi leo. Waliokimbia waliteremka kuja Bungoma na Kitale. Kijana mmoja alifikia kwa jirani yetu. Jioni moja aliisikia kaseti ile, akaomba irudishwe, kisha irudishwe tena. Akauliza kama waimbaji ni watu wa Cheptais, huko mlimani.

Sijashindana tena kuighani mistari ile. Tangu hapo naisikiliza kama ushahidi.

Mwaka 2011 wazee wa jamii zetu walikutana papa hapa, kwenye chuo cha wakulima, wakafanya mapatano yanayoitwa Mkataba wa Amani wa Mabanga. Nayaheshimu sana. Lakini ni sauti ya wazee. Waliokuwa na miaka kumi na minane mlimani mwaka 2008 bado wana la kusema, na studio sasa ziko Bungoma na Kitale. Wapewe maikrofoni, waimbe kwa Kisabaoti, Lubukusu au Sheng, na wavitaje vijiji vyao kwa majina.