Kabla ya kununua mfuko wa GPS, tembea Bofu

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mpenzi msomaji, methali hii ya mabaharia wetu inakifaa sana kile kifaa cha GPS cha mkononi ambacho hutumiwa na wapimaji ardhi, wanafunzi wa jiografia, maskauti na familia zipendazo kutembea porini. Hutolewa, kikatazamwa, kikapitishwa mkono hadi mkono, lakini mwishowe marejeo yake ni ndani ya mfuko wake. Ajabu ni kwamba mtu atachagua kifaa kwa muda wa mwezi mzima, halafu mfuko ataununua kwa dakika mbili kwa sababu ameipenda rangi.

Iwapo unapanga kuipeleka familia Shimba Hills, au wewe ni mwanafunzi unayejiandaa kupanda Mlima Kenya, nakushauri kwanza uvuke kivuko cha Likoni, ukatembee Bofu asubuhi moja. Huko, kwa mwendo wa saa chache tu, kifaa chako kitakutana na msongamano, upepo wa chumvi, mchanga, jua kali na, ikiwa ni msimu wake, mvua. Mfuko utakaofaulu Bofu hautakuaibisha kwingine. Hata kama huna GPS ila simu tu, mtihani ni ule ule.

Mtihani wa kwanza: kivukoni

Kwa mwenda kwa miguu, kuvuka ni bure. Basi shuka na umati ule kutoka upande wa kisiwani: wafanyakazi, wanafunzi wenye sare, akina mama wenye ndoo na vikapu, na mikokoteni iliyojaa shehena. Utasukumwa ubavuni, utagongwa na pembe ya sanduku, na mkono usioujua waweza kukupapasa kiunoni.

Hapo utaona ubaya wa mfuko unaoning'inia kwenye mkanda wa suruali kwa kibanio kidogo. Hunasa kwenye kamba za mizigo, na ukichomoka hutasikia. Mfuko mzuri una mshipi wa kupitisha begani na kifuani, na zipu yake huelekea mwilini. Rangi iwe ya kawaida, isiyotangaza kilichomo. Wa mtoto ufungwe kwa kamba kwenye kifundo cha mkono anapokitumia kifaa, maana pale ukingoni mwa feri kitu kikishaponyoka hakuna wa kukizamia.

Mtihani wa pili: chumvi na mchanga

Ukishuka Likoni, shika mkono wa kulia. Bofu ni mojawapo ya wadi tano za Likoni; nyingine ni Likoni yenyewe, Mtongwe, Shika Adabu na Timbwani. Upande wake mmoja unatazamana na mkono wa bahari ambamo meli hupita kwenda bandari ya Kilindini. Ilikuwa ni hapa Ras Bofu ambapo daraja la miguu lililoelea juu ya maji, kutoka Liwatoni kisiwani, lilifikia nchi kavu. Lilifunguliwa kwa umma Januari 2021, wakati wa janga la Corona, ili kupunguza msongamano wa feri, na lilikuwa na sehemu iliyofunguliwa kuzipisha meli.

Usitegemee kifaa peke yake. Ukikuta njia panda, toa salamu kwanza: "Shikamoo, mzee." Utajibiwa "Marahaba, mwanangu," kisha utaelekezwa kwenye kivuli na kwa muuza madafu, mambo ambayo setilaiti haiyajui. Na kwa kuwa kambi ya wanamaji wa Kenya iko Mtongwe, jirani hapo, usichore ramani wala kupiga picha karibu na ua wa kijeshi. Watoto waelezwe hilo mapema.

Sasa tazama kifaa chako. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Upepo unapopeperusha matone madogo, maji hukauka na chumvi hubaki. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewani na kuanza kula chuma: vifungo, meno ya zipu, na ncha za betri. Kwa hiyo mfuko wa pwani uwe na zipu ya plastiki iliyo nene. Zipu ikigoma kwa mchanga, isugue kwa kipande cha mshumaa. Nyumbani, suuza mfuko kwa maji baridi yasiyo na chumvi na uuanike kivulini.

Mchanga nao una hila yake. Vifaa vingi huandikwa IPX7, maana yake kifaa kinaweza kukaa ndani ya maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30. Lakini jaribio hilo hufanywa kwa maji yasiyo ya chumvi na kifaa kikiwa kipya. Chembe moja ya mchanga, au hata unywele mmoja, ukilala kwenye mpira wa kuzibia mlango wa betri, maji yana njia. Ndiyo maana mfuko huhitajika hata kwa kifaa kisichoogopa maji. Na mtoto aliyetoka kula mabuyu anawe mikono kwanza.

Usikizibe macho kifaa

Setilaiti za GPS ziko angani umbali wa kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake yakifika duniani ni dhaifu mno. Hupenya kitambaa, ngozi na plastiki nyembamba, lakini hayapenyi chuma. Ukikiweka kifaa ndani ya mkebe wa biskuti kitakuwa salama, naam, lakini kipofu. Mfuko wenye kitambaa chenye utando wa chuma, kama ule wa kuhifadhi chakula baridi, nao uepuke unapotembea.

Jihadhari pia na mifuko inayojifunga kwa sumaku. Vifaa vingi vina dira ya ndani, na sumaku iliyo karibu huivuruga hata ikakuonyesha kaskazini ya uongo. Chagua zipu, au utepe wa kunatana.

Jua la Bofu litakufunza jambo jingine. Mfuko mweusi uliofungwa kabisa na kuachwa juani hupika betri. Tena ukikifunga kifaa ndani ya plastiki isiyopitisha hewa wakati wa joto la adhuhuri, kisha ukaingia chumba chenye kiyoyozi, unyevu uliofungiwa humo hugeuka matone. Kikaushe kwanza, ndipo ufunge. Vile vijipakiti vyenye chembe za silika vinavyokuja ndani ya viatu vipya usivitupe. Weka kimoja humo, mbali na watoto wadogo. Na ukienda Mlima Kenya, ambako kilele cha Batian kina mita 5,199, mambo hugeuka: huko baridi ndiyo hudhoofisha betri, na mfuko wenye sponji, uliovaliwa ndani ya koti, utakufaa zaidi.

Mwenye haja kuliko wote

Kwetu sisi wa matembezi ya Jumapili, kifaa kikiharibika hasara ni ya fedha na ya siku moja. Kwa mvuvi ni jambo jingine. Tangu zamani wavuvi wa pwani hii hurudi kwa kulinganisha alama za nchi kavu: mnazi mrefu, mnara, kilima. Usiku au katika ukungu wa mvua, alama hizo hupotea. Baadhi yao siku hizi hutumia GPS au simu kuweka alama mahali ulipo mlango wa mwamba. Maji yakiingia katika kifaa hicho usiku wa kusi, mwenyewe atachagua mawili: kungoja alfajiri baharini au kubahatisha penye mwamba.

Zamani wengi walifunga simu zao ndani ya mifuko ya nailoni. Tangu 28 Agosti 2017 mifuko hiyo ya kubebea imepigwa marufuku Kenya. Njia rahisi iliyobaki ni kopo la plastiki lenye kifuniko cha kuzungusha, na kitambaa kikavu ndani. Halina urembo, lakini huzuia maji, halizuii mawimbi ya setilaiti, na likiwa na hewa ya kutosha huelea. Familia yenye fedha kidogo isione haya kuiga.

Jaribio la beseni

Baada ya yote hayo, wewe ununue nini? Tumia tabaka mbili. Ya ndani iwe kifuko cha plastiki angavu kisichopitisha maji, chenye upana wa kukuwezesha kubonyeza vitufe ukiwa nje yake. Ya nje iwe mfuko wa turubai wenye sponji, wa kuzuia kishindo na jua. Huu wa nje si lazima utoke dukani. Fundi viatu wa mtaani, ukimpelekea kifaa akipime, atakushonea unaokaa sawasawa, maana mfuko mpana hukiacha kifaa kikigongana humo kama kokwa ndani ya debe.

Kisha, kabla ya kukitia kifaa chenyewe, tia karatasi ya shashi ndani ya kifuko cha plastiki pamoja na jiwe lenye uzito sawa na kifaa. Kifunge, ukitose katika beseni la maji kwanza ukione kama chaelea. Halafu kikandamize chini kwa nusu saa. Kitoe, ukipanguse, ukifungue. Shashi ikiwa kavu, umepata mfuko. Ikiwa imelowa, umepoteza bei ya kifuko tu, na kifaa chako kimepona. Waache watoto wafanye jaribio hilo wenyewe Jumamosi jioni, maana Jumapili asubuhi wao ndio watakaokibeba hadi Ras Bofu.