Kitako cha Bunduki ya Msichana

Nilizaliwa katika nyumba ya seremala. Marehemu baba alikuwa akitengeneza vitanda na milango ya mvule huko Busoga, nami kabla ya kujiunga na polisi nilikuwa nimekwisha kuzoeana na randa, patasi na tupa. Ndiyo sababu wakubwa wangu waliniweka katika ghala la silaha, na ndiyo sababu mwaka 1984 nilipelekwa Uingereza kwa mafunzo ya ufundi wa silaha ya miezi kumi na mmoja. Nyumbani niliacha mke na mtoto wa kiume wa miaka saba. Msomaji aliyepata kuishi kambini anajua uzito wa miezi kumi na mmoja ya barua. Sina haja ya kumweleza.

Huko nilipanga chumba katika nyumba ya mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu, ambaye nyuma ya nyumba yake alikuwa na kibanda cha useremala. Alikuwa na mjukuu wa kike wa miaka 12, mashoto, apendaye kulenga shabaha kuliko kula. Chumbani kwake alikuwa amebandika picha ya Margaret Murdock wa Marekani, mwanajeshi yule aliyepata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, akishindana na wanaume na kulingana kwa alama na aliyepewa dhahabu. Siku moja mzee akaniomba nimsaidie kumtengenezea mtoto kitako kipya cha bunduki.

Nilisita, na sikumficha. Nilimwambia kwamba nitokako mimi, mtu akiona bunduki mikononi mwa mtoto hukimbia. Mzee hakujibu kitu, ila Alhamisi alinichukua hadi klabuni. Nikaona chumba kirefu cha yadi 25, watu wakilala kifudifudi juu ya mikeka, kimya kama msikitini. Karatasi ilikuwa na shabaha kumi, na kila shabaha hupigwa risasi moja tu, jumla alama mia. Sheria ya huko haikumruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuwa na cheti cha bunduki. Msichana huyu alipiga hapo klabuni tu, mbele ya wakubwa, na mchezo ulipokwisha bunduki ilirudi katika kabati la chuma. Nilitazama nikaridhika. Zaidi ya hayo niliona kwa jicho la fundi jinsi mtoto alivyokuwa akiteseka.

Bunduki yenyewe ilikuwa BSA Martini International ya risasi ndogo za .22, iliyotengenezwa Birmingham. Ni ya ukoo wa ile Martini-Henry ambayo jeshi la Uingereza lilianza kuitumia mwaka 1871. Haina bolti ya kuvutwa ubavuni. Unasukuma chini wenzo ulio nyuma ya triga, unaingiza risasi moja kwa mkono, kisha unafunga. Kwa mashoto ni neema. Lakini kitako chake kilikuwa kimechongwa kwa mtu mzima atumiaye mkono wa kulia. Egemeo la shavu lilikuwa ubavu wa kushoto, ilhali shavu la msichana liliangukia ubavu wa kulia, penye ubapa mtupu. Tena kilikuwa kirefu mno, hata ikambidi kunyosha shingo kama kuku anywaye maji. Matundu yake yalitawanyika karatasini, na wenzake walidhani mkono wake unatetemeka.

Urefu wa kitako hupimwa kutoka kwenye triga hadi mwisho wake unaokaa begani. Njia ya kale ya kuukadiria ni kumkunjisha mpigaji mkono, kisha kupima kwa uzi kutoka ndani ya kiwiko hadi pingili ya kwanza ya kidole cha shahada. Cha zamani kilikuwa sentimita 34. Uzi wa msichana ulikuwa sentimita 29.

Mzee alikuwa ameweka vipande viwili vya mjozi, mti uzaao jozi, ambao mafundi wa bunduki wa Ulaya huupenda kwa kuwa ni mgumu bila kuwa mzito, na ukikauka vizuri haupindiki. Kukauka kwake si kwa haraka: huhesabiwa mwaka mzima kwa kila inchi ya unene. Kipande kimoja kilikuwa na mawimbi ya rangi ya kahawia na nyeusi, kizuri ajabu. Cha pili kilikuwa cha rangi moja, kama ubao wa sanduku. Mimi nilichagua kile kizuri. Mzee alikigeuzageuza akaniuliza, "Nyuzi zinapitia wapi?" Nikasema zinatosha.

Kitako cha Martini huungwa na chuma kwa bolti ndefu inayopita ndani ya mbao kwa urefu wake wote, kwa hiyo pale shingoni, penye wembamba wa kushikwa na mkono, mbao hubanwa kwa nguvu nyingi. Nyuzi sharti zipite shingo hiyo kwa urefu. Za kwangu zilikata kwa mshazari. Majuma sita nilichonga jioni baada ya masomo, nikalainisha kwa msasa hadi mbao ikang'aa, na siku ya kukaza bolti nikasikia mlio mdogo kama wa njiti ya kiberiti. Ufa ulianza shingoni ukafika kwenye egemeo la shavu. Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia, aliondoka tu. Ningependelea angelia.

Mzee naye hakunilaumu. Alinipa kile kipande cha sanduku.

Safari hii nilichora kwanza nyuzi, ndipo nikachora kitako. Kutoboa tundu la bolti kwa keekee, nusu kutoka mbele na nusu kutoka nyuma, likutane katikati bila kupotoka, kulichukua Jumamosi nzima. Egemeo la shavu nililichonga msichana mwenyewe akiwa amelala kifudifudi juu ya sakafu ya kibanda: nakwaruza kidogo kwa tupa, anaweka shavu, anafumba macho, akifumbua, jicho liwe limekaa sawa nyuma ya tundu la kulengea bila yeye kulitafuta. Mwisho nilipaka mafuta ya kitani kwa kiganja, tabaka baada ya tabaka.

Palibaki jambo moja: mtoto hukua. Tukakata vipande vinane vya mbao, kila kimoja robo inchi, vya kuongezwa kimoja kimoja chini ya bamba la nyuma kadiri mkono unavyorefuka, hadi arudie zile sentimita 34. Nilipokuwa nikivikata nilifikiri juu ya mwanangu, ambaye alikuwa akirefuka bila mimi kuona. Nikamwandikia mke wangu ampime mkono kwa uzi, anitumie. Uzi ulikuja ndani ya bahasha, umefungwa fundo. Ulikuwa sentimita 25. Niliuweka katika sanduku la vifaa.

Kwa kitako cha zamani msichana alikuwa hapiti alama 81. Kwa kipya alipata 86 siku ya kwanza, na kabla sijaondoka alikwisha kufika 94.

Nilirudi nyumbani mwaka 1985. Januari 1986 serikali ilibadilika, na jeshi lililoingia Kampala lilikuwa na watoto ndani yake, wale tuliowaita kadogo, wengine wao mayatima wa vita vya Luwero. Mmoja alikuja karakana kwangu na AK yenye kitako cha mbao, mikono ya shati ameikunja mara tatu. Alikuwa amekwisha kuchora mstari kwa makaa. "Mzee," akaniambia, "nikatie hapa. Kinanizidi."

Nilitwaa uzi nikampima, kwa mazoea tu. Alikuwa mfupi kuliko yule msichana. Msumeno ulikuwa mezani, na kazi ile ni ya dakika tano.

Nikamwambia kwamba silaha ya serikali haikatwi bila amri ya maandishi ya mkubwa wake. Ilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Hakubisha. Alikaa juu ya maranda akanitazama nikipiga randa, hata usingizi ukamchukua. Nikaitwaa bunduki taratibu, nikahakikisha haina risasi, nikaiegemeza ukutani. Alipoamka aliichukua, akanipigia saluti, akaenda zake. Sikumwona tena.

Mwaka 1988 nilipata barua kutoka kwa mzee. Kipande cha nane kilikuwa kimefungwa, wala hapakuwa na kingine cha kuongeza. Usiku ule nilimsomea mke wangu. Akamwita mwanetu, akamwambia akunje mkono.